Silikoni yenye vitundu ikigoma: soma dalili kabla ya kulaumu mashine

Mtu anapoanza kutengeneza vihisi vinavyopima kwa mwanga kwa kutumia silikoni yenye vitundu, yaani silikoni iliyochimbwa vitundu vidogo mno kwa asidi na umeme, lawama ya kwanza huiangukia spektromita, kifaa kinachoonyesha ni mwanga kiasi gani umerudi kwa kila urefu wa wimbi. Mstari unayumba, kilele kinahama, namba za leo hazifanani na za jana. Basi kifaa kinafunguliwa, nyaya za mwanga zinabadilishwa, programu inasakinishwa upya. Mara nyingi mashine haina kosa. Tatizo liliingia mapema, kwenye chombo cha asidi, au bado linaingia polepole kwa sababu uso wa silikoni uliotoka kuchimbwa haujatulia: unaokota oksijeni, unyevu na harufu yoyote iliyomo chumbani. Ndiyo maana hapa naanzia kwenye asidi, nafuata na macho, na spektromita inangoja zamu yake.

Nimewaandikia wanaofanya kazi hii Dodoma na mikoa ya jirani, na mahali pana uzito wake. Mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa kavu ya Septemba, vumbi, maji ya visima yenye chumvi na umeme wa kukatikakatika, vyote vinaacha alama kwenye data. Miongozo mingi ya kazi hii iliandikwa kwa maabara zisizokutana na mambo hayo.

Kwanza, HF

Asidi ya haidrofloriki (HF) haina mchezo. Inapenya ngozi, na ikiwa imezimuliwa maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa huku ikiendelea kukamata kalsiamu ya mwili mpaka mapigo ya moyo yavurugike. Jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 iwe mezani, isiwe stoo ambayo ufunguo wake anao mtu aliyesafiri. Usifanye kazi hii peke yako, na ufanyie ndani ya kabati la kuvuta hewa. Vyombo viwe vya tefloni au polipropilini, maana HF inakula kioo. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, kazi ya siku hiyo ni kusoma.

Mkondo haupiti kabisa

Silikoni iko upande wa anodi, platini upande wa kathodi, HF na ethanoli zimo ndani, umewasha, na ampia bado ni sifuri. Kagua klipu na waya. Zikiwa sawa, shuku weifa yenyewe, yaani kile kipande bapa chembamba cha silikoni. Silikoni ya aina p, iliyotiwa boroni, ina mashimo ya chaji (nafasi zilizoachwa na elektroni) ambayo ndiyo yanaanzisha mmomonyoko. Aina n ya kawaida, ikiwa gizani, haina ya kutosha. Inahitaji kumulikwa kwa taa kali, mara nyingi kwa upande wa nyuma. Weifa zinazopita mikono mingi hupoteza lebo, na kwa macho p na n hazitofautiani hata kidogo.

Kuna jaribio lisilokuchukulia hata dakika mbili. Weka multimita kwenye milivolti, gusisha ncha zote mbili kwenye weifa, kisha pasha moto ncha nyekundu kwa chuma cha kulehemu. Usomaji ukienda chanya, hiyo ni aina n. Ukienda hasi, ni aina p. Andika jibu kwenye boksi kwa kalamu isiyofutika, umsaidie na atakayekuja baada yako.

Volti zinapanda, au zinaporomoka

Pawa saplai ikiwa imewekwa kudhibiti mkondo, volti ndizo zinakusimulia yanayotokea chini ya oringi, ile pete ya mpira inayozuia asidi isivuje. Zikipanda hadi kikomo, mguso wa nyuma ni mbaya. Kwa weifa iliyotiwa boroni kwa wingi, yenye ukinzani mahususi wa kama omu-sentimita 0.001, karatasi ya aluminiamu inatosha, ila kwanza kwaruza mgongo wa kipande kwa kalamu ya almasi ili uvunje oksidi. Kwa weifa ya omu-sentimita 1 hadi 10 karatasi haitoshi. Mgongo unahitaji utando wa aluminiamu uliovukizwa na kupashwa moto, la sivyo utapata mkondo wa mabaka na vitundu vya mabaka.

Zikiporomoka ghafla katikati ya kazi, asidi imevuja chini ya oringi na kuifikia aluminiamu. Mkondo umepata njia ya mkato, na chini ya kipande utaona mapovu pasipostahili. Zima, suuza, tupa kipande hicho. Usijaribu kukiokoa, kwa kuwa hujui ni kiasi gani cha mkondo kilipita kwenye silikoni. Oringi iliyokaa kwenye HF kwa muda huwa ngumu na bapa upande mmoja. Ibadilishe kabla haijavuja.

Utando unavuka kama ngozi

Unaposuuza, utando unajikunja na kuelea juu ya ethanoli, na chini yake kumebaki silikoni laini inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Umevuka mpaka wa mkondo. Mwaka 1956, Arthur Uhlir na Ingeborg Uhlir wa Bell Labs walikuwa wanatafuta namna ya kung'arisha silikoni kwa umeme ndani ya HF. Mkondo ulipokuwa mdogo, walipata utando wa rangi rangi badala ya kioo. Wewe unautaka utando wao na umepata kioo chao.

Mkondo ukiwa chini ya mpaka, HF inafika haraka kuliko chaji, na mmomonyoko unakula ncha za vitundu tu. Kila atomi ya silikoni inaondoka kwa chaji kama mbili. Mkondo ukizidi, HF inachelewa kufika, oksidi inajengeka na kuyeyuka kila mahali, uso unakuwa laini, na kila atomi inagharimu chaji kama nne. Kwa hiyo sababu zinaweza kuwa mbili. Ama mkondo wako ni mkubwa, ama HF imechoka. Mchanganyiko uliotumika tena na tena hupungukiwa na floraidi, mpaka unashuka, na mkondo ule ule uliokuwa salama wiki iliyopita leo uko upande wa pili. Kabla ya kubadilisha chochote kwenye pawa saplai, changanya elektroliti mpya. Uwiano wa HF ya asilimia 48 sehemu tatu kwa ethanoli sehemu moja unafanya kazi vizuri kwa weifa zenye boroni nyingi.

Hapa kuna hesabu ambayo ningeiweka ukutani. Kwa chaji mbili kwa kila atomi, kila miliampia 10 kwa sentimita ya mraba zinaondoa kama nanomita 6 za silikoni nzima kwa sekunde. Gawanya kwa kiwango cha uwazi (sehemu ya utando ambayo ni vitundu vitupu) upate kasi ya kwenda chini. Miliampia 50, sekunde 60, uwazi wa asilimia 65: utando uwe karibu na mikromita 3. Ukikuta ni nusu ya hapo, ama mkondo ulivuja, ama umekaribia kwenye kung'arisha.

Rangi, kipimo cha bure

Suuza kwa ethanoli mara tatu, kausha kwa naitrojeni, kisha chukua kibano na upeleke kipande chini ya balbu. Utando mzuri wa mikromita chache kwenye weifa yenye boroni nyingi unang'aa kijani au waridi, rangi moja kutoka katikati hadi karibu na ukingo, na ukikiinamisha rangi inakimbilia upande wa bluu. Pembeni kabisa, mahali oringi ilipobana, kuna pete nyembamba za rangi. Hizo si ugonjwa. Mkondo hujikusanya kwenye kingo, na kila kipande kina pete zake.

Ugonjwa ni pete zikifika katikati. Hapo kathodi ndiyo ya kulaumiwa: waya mmoja wa platini uliosimama pembeni hautoi mkondo sawa kwa duara lote. Ukunje uwe msokoto bapa, au tumia wavu, na uutandaze sambamba na weifa. Rangi ikibadilika kutoka kushoto kwenda kulia, kathodi imeinama.

Madoa ya mviringo yenye mpaka mkali ni viputo vya haidrojeni vilivyoganda juu ya uso vikazuia asidi. Ethanoli imo kwenye mchanganyiko kwa kazi hiyo hasa, kupunguza mvutano wa uso ili viputo viachie, na katika joto la mchana wa Novemba inavukiza haraka kama chombo kiko wazi. Madoa yakianza kuonekana kwenye vipande vya mwisho vya siku na si vya kwanza, umeshapata jibu.

Doa jeupe lisilotoka ni maji ya bomba. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini, visima vya Makutupora, na yanabeba chumvi zinazobaki yakikauka. Tumia maji yaliyotolewa ioni, na hata hayo yasikae juu ya kipande kibichi, kilichotoka kuchimbwa, bila sababu.

Utando umepasuka

Ulikuwa mzima ndani ya ethanoli, umekauka, umekuwa kama tope la Bahi mwezi wa Oktoba. Kimiminika kinapokauka kinavuta kuta za vitundu kwa mvutano wa uso, na kuta za nanomita chache hazihimili. Utando mnene wenye uwazi wa zaidi ya asilimia 75 hivi ndio unaoumia zaidi.

Mvutano wa maji ni kama milinyutoni 72 kwa mita, wa ethanoli 22, wa pentani 16. Kwa hiyo usikaushe kamwe kutoka kwenye maji. Hamisha kutoka maji kwenda ethanoli, kutoka ethanoli kwenda pentani, au heksani ukiikosa, ndipo ukaushe. Hewa yetu ya kiangazi inaweza kukausha ukingo wakati katikati bado kumelowa, na ufa huanzia kwenye mpaka huo. Funika kipande kwa chombo kilichopinduliwa kikauke taratibu. Ukiona bado kinapasuka, punguza unene au mkondo. Kukausha kwa kaboni dayoksaidi iliyopita joto na shinikizo ambapo kimiminika na gesi havitofautiani tena ni bora kuliko vyote, ila sitajifanya kwamba kila maabara inayo mashine hiyo.

Spektra haina milima

Utando mmoja wenye nyuso mbili sambamba unarudisha mwanga mara mbili, juu na chini, na miale hiyo miwili inapokutana unapata milima na mabonde. Kanuni ni fupi: namba ya mlima mara urefu wa wimbi ni sawa na 2nL, ambapo n ni kipimo cha mpindo wa mwanga na L ni unene. Milima miwili jirani ikiwa kwenye nanomita 600 na 640, zidisha moja kwa nyingine, gawanya kwa tofauti yao, na 2nL ni nanomita 9,600. Kwa uwazi wa asilimia 70, n ni kama 1.6, hivyo unene ni mikromita 3.

Milima isipoonekana, chukua hesabu hiyo hiyo uigeuze. Utando wa mikromita 50 unaweka milima yake umbali wa nanomita 2 na kidogo, na spektromita ndogo ya mezani haiwezi kuitenganisha. Unaona mstari bapa na kudhani hakuna kitu. Utando wa nusu mikromita unaweka nanomita 225 kati ya mlima na mlima, unaona nundu moja kubwa. Katikati ya hapo, mikromita 2 hadi 10, ndipo kazi inapokwenda vizuri.

Unene ukiwa sahihi na bado ni bapa, tazama nyuzi ya mwanga imesimama wima juu ya kipande au imeinama, kisha tazama mahali. Mazungumzo haya ni ya kila muhula:

"Fundi, shikamoo. Spektra imekufa tena."

"Marahaba. Umepima wapi?"

"Kwenye kipande, fundi."

"Kwenye kipande wapi? Sogeza milimita tatu uje katikati."

Doa la mwanga lililoangukia kwenye pete za ukingo linachanganya unene kumi kwa mara moja, na milima inafutana. Chora mkwaruzo mdogo pembeni ya kipande uwe alama, na upime sehemu ile ile kila mara.

Vumbi ni jambo la haraka: usipanguse kwa kitambaa, utang'oa utando. Puliza kwa naitrojeni, na miezi ya upepo vipande vikae ndani ya kisahani chenye kifuniko.

Haing'ai chini ya taa ya urujuanimno

Mwaka 1990, Leigh Canham nchini Uingereza alionyesha kwamba silikoni yenye vitundu inaweza kutoa mwanga unaoonekana kwenye joto la kawaida la chumba, jambo ambalo silikoni nzima hailifanyi kwa kiasi cha kuonekana. Tangu hapo kila mwanafunzi anataka kuuona mwanga ule wa chungwa na nyekundu, na wengi wanaikosa kwa sababu moja: wametumia weifa yenye boroni nyingi. Vitundu vyake ni vya nanomita kadhaa hadi 50, na kuta zilizobaki ni nene mno. Mwanga unataka kuta za nanomita chache sana, ili elektroni ibanwe na pengo lake la nishati lipande juu ya lile la kawaida la elektronivolti 1.12. Chukua weifa ya p ya omu-sentimita 1 hadi 10. Taa si lazima iwe ya maabara. Taa ya kukagulia noti dukani, ya karibu na nanomita 365, inatosha kwa kuangalia kama ng'aro ipo, chumba kikiwa giza.

Ikiwa inang'aa kisha inafifia unapoiangalia, urujuanimno na oksijeni vinashirikiana kuuharibu uso wake. Tazama kwa muda mfupi, ukitaka kupima kwa muda mrefu pima ndani ya naitrojeni.

Ndani ya maji: hakuna kinachohama, au kila kitu kinahama

Hapa ndipo muda mwingi unapotea, na hapa ndipo mashine inapolaumiwa bila haki.

Dalili ya kwanza: umeweka maji, 2nL haijasogea. Kipande kibichi kimefunikwa na haidrojeni, na uso huo unayakataa maji. Yanakaa juu kama tone kwenye mfuko wa nailoni na vitundu vinabaki na hewa. Dondosha ethanoli. Milima ikiruka papo hapo kuelekea wekundu, kipande ni kizima na kinachohitajika ni kubadilisha uso. Ethanoli nayo isiposogeza kitu, vitundu vimeziba au juu kuna utando wa vitundu vidogo mno. Weifa hutokea kuwa na tabaka la juu linalochimbika vibaya. Chimba utando wa kutupa kwanza, uuondoe kwa sodiamu haidroksaidi iliyozimuliwa, suuza, kisha chimba ule wa kweli.

Dalili ya pili: 2nL inashuka taratibu, saa baada ya saa, hata kabla hujaongeza kitu unachotaka kukipima. Silikoni inaoksidika, oksidi ina mpindo mdogo kuliko silikoni, na oksidi yenyewe inayeyuka kuwa asidi ya siliki. Kadiri maji yanavyoelekea kwenye ualkali ndivyo inavyokwenda kasi. Katika bafa (kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike) ya pH 7.4, inayotumiwa kwa protini, kipande kibichi hakidumu. Usijaribu kuondoa mteremko huu kwa programu. Ukiuondoa kwa hesabu, silikoni inaendelea kuondoka, na siku utakayoweka sampuli halisi hutajua kilichopungua ni nini.

Dawa ya kawaida ni tanuri: nyuzi 600 hadi 800 kwa saa moja hivi ndani ya hewa. Uso unakuwa oksidi, unakubali maji, na mteremko unapungua sana. Tegemea milima kuhamia upande wa bluu baada ya kutoka tanuri, na vitundu kuwa vyembamba kidogo, kwa kuwa oksidi inachukua ujazo zaidi ya mara mbili ya silikoni iliyoizaa. Anayetaka uimara zaidi ndani ya maji aende kwenye vifungo vya kaboni: asidi ya andesileniki inayopashwa na kipande kibichi inajifunga moja kwa moja kwenye silikoni na kuacha mkia wenye kundi la asidi, tayari kwa kushikisha protini.

Dalili ya tatu: umeweka kingamwili (protini inayonasa kitu kimoja maalumu), hakuna mabadiliko. Kabla ya kulaumu kemia ya kushikisha, pima mlango. Kingamwili ni molekuli ya nanomita kumi na zaidi upande mrefu. Kitundu cha nanomita 8 hakiipitishi, na cha 15 kitazibwa na ya kwanza kuingia. Ongeza mkondo wa kuchimba ili vitundu viwe vipana, halafu ipe sampuli muda. Kusafiri ndani ya kitundu kirefu kunachukua dakika nyingi, si sekunde.

Dalili ya nne ni kinyume chake: kila unachoweka kinasogeza mstari, hata maziwa. Uso unashika chochote. Funika nafasi zilizobaki kwa albumini ya ng'ombe, na kila mara weka kipande cha pili kisicho na kingamwili kwenye mkondo huo huo wa maji. Bila kipande hicho cha kulinganisha mimi siamini mchoro wowote, hata uwe mzuri namna gani.

Kihisi cha mvuke: Dodoma yenyewe ndani ya data

Tuseme unataka kufuatilia mvuke wa ethanoli kwenye chumba cha kuchachushia mvinyo wa zabibu. Mvuke unaingia kwenye vitundu, unagandamana kuwa kimiminika, n inapanda, milima inahamia wekundu. Vizuri. Sasa umepima kwa kupitisha hewa ndani ya chupa ya ethanoli, na majibu yako hayalingani na yaliyochapishwa.

Angalia shinikizo la hewa. Ethanoli kwenye nyuzi 25 ina shinikizo la mvuke la kilopaskali 7.9. Pwani, hewa ikiwa kilopaskali 101, hewa iliyoshiba ina ethanoli asilimia 7.8. Dodoma hewa ni kama kilopaskali 89, na hewa hiyo hiyo iliyoshiba ina asilimia 8.9. Anayenakili namba ya usawa wa bahari anaanza na kosa la zaidi ya sehemu moja katika kumi kabla hajawasha taa.

Joto ni baya zaidi. Vitundu havijali una ethanoli kiasi gani. Vinajali uko karibu kiasi gani na kushiba. Kwenye nyuzi 20 shinikizo la kushiba ni kama kilopaskali 6, kwenye nyuzi 30 linapita 10. Kiasi kile kile cha mvuke, asubuhi ya Julai na mchana wa Novemba, kinaonekana kwa kipande kama viwango viwili tofauti, kimoja karibu nusu ya kingine. Funga kipimajoto kidogo nyuma ya kipande chenyewe, si ukutani, na uandike nyuzi kwenye kila mstari wa data. Ukiweza, shikilia joto la kipande.

Halafu unyevu. Kipande kilichotoka tanuri kinapenda maji, na katika kiangazi hutaona tatizo. Mvua za Desemba zikianza, mstari wa msingi unapanda bila mvuke wowote, na unashuka jua likikaza. Kwa mvuke, usitumie uso wa oksidi kama una chaguo. Uso uliofunikwa na minyororo ya kaboni unapuuza maji zaidi na bado unaikubali ethanoli. Kama oksidi ndiyo uliyonayo, weka kipande cha pili ndani ya hewa ile ile iliyopitishwa kwenye chujio la kaboni, upime tofauti.

Vipande vya akiba visikae kwenye mifuko ya plastiki laini au karibu na mpira. Vitundu vinanyonya mafuta yanayotoka humo, na baada ya wiki chache kipande kinaitikia kidogo kuliko pacha wake aliyekaa kwenye kioo.

Umeme ukikatika katikati

Kwa utando wa tabaka moja si msiba. Kwa kichujio cha mwanga kinachotengenezwa kwa mkondo wa kupanda na kushuka, kazi imekwisha: mpangilio umevunjika na kilele kitagawanyika au kupanuka. Usiendelee pale ulipoishia. Mimina asidi na suuza mara moja, kwani HF inaendelea kula vitundu taratibu bila umeme. UPS ndogo inayobeba pawa saplai na kompyuta ni rahisi kuliko weifa utakazotupa.

Njia ya pumba

Bahi kuna mpunga, na kwenye mashine za kukoboa kuna pumba. Majivu yake yakichomwa vizuri ni silika kwa sehemu kubwa sana, na magnesiamu kwenye nyuzi 650 ndani ya gesi ya agoni inaigeuza kuwa silikoni yenye vitundu bila HF. Nasema mapema: unga huu unatawanya mwanga, hautakupa milima ya mwingiliano. Unafaa kwa kazi nyingine, zikiwamo betri na vihisi vya umeme.

Majivu yakiwa ya kijivu au meusi, kaboni imefungiwa ndani. Potasiamu ya pumba inayeyusha silika mapema na kuifunika. Chemsha pumba kwa asidi ya haidrokloriki kabla ya kuchoma na yatatoka meupe.

Zao likiwa na chembe za bluu nzito, magnesiamu ilizidi na umepata magnesiamu silisaidi. Hiyo ikikutana na asidi inatoa gesi ya sileni, inayowaka yenyewe hewani kwa mlio. Ongeza asidi tone kwa tone, ndani ya kabati la kuvuta hewa, uso ukiwa nyuma ya kioo. Zao likiwa kahawia lakini vitundu havipo, joto lilipanda ghafla. Changanya chumvi ya mezani, hadi mara 10 ya uzito wa silika, iyeyuke na kumeza joto hilo.

Taka

HF iliyotumika haiendi kwenye sinki. Kuna visima vya kanda ya kati, Singida hasa, ambavyo tayari vina floraidi ya asili ya kutosha kuharibu meno ya watoto. Ndani ya ndoo ya plastiki, chini ya kabati, mimina taka polepole kwenye maji ya chokaa yaliyo mengi. Mchanganyiko utapata joto, kwa hiyo usiharakishe. Mashapo meupe yanayotua ni kalsiamu floraidi. Yaache usiku mzima, pima pH na floraidi ya maji ya juu, na kama floraidi bado imezidi ongeza kalsiamu kloraidi, usubiri itue tena kabla ya kuchuja.